Kabla hujamhamisha mtoto, nenda kaangalie choo cha shule

Mzazi mwenzangu wa Kilimatinde, kila Januari inapokaribia mazungumzo nyumbani huwa ni yale yale. Mtoto anaingia darasa la kwanza, au yuko la pili na bado anababaika kusoma, na familia imegawanyika. Baba anataka asome hapa hapa kijijini. Shangazi aliyeko Manyoni mjini anasema aletwe kwake, huko ndiko kuna shule. Mwingine anasema auzwe ng'ombe mmoja, mtoto apelekwe bweni Singida au Dodoma.

Ukiwauliza wanajuaje kwamba shule ile ni nzuri na hii ni mbaya, wengi watakujibu kwa jambo moja tu: matokeo ya darasa la saba.

Kilimatinde ni mji mkongwe, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Wajerumani walijenga boma lao hapo, lakini reli ya kati ikapita Manyoni na makao ya wilaya yako huko. Ni rahisi kuamini kwamba na kila kizuri kilifuata reli. Kwa shule, huenda ni kweli na huenda si kweli. Leo safu hii inakupa njia ya kujua mwenyewe, kwa kuikagua shule kama mhudumu wa afya anavyomkagua mgonjwa: kwa kutazama, kuuliza na kuhesabu.

Tuanze na bweni, maana hilo ni fupi. Kwa Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2023, kuanzia Machi 1 mwaka huo Serikali ilisitisha huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Mtoto mdogo anahitaji kulala karibu na mtu anayemjua, atakayesikia akikohoa usiku na kuona kwamba leo hakula. Hivyo kwa mtoto wa miaka sita au saba, chaguo lako halisi ni shule ya karibu au nyumba ya ndugu. Kabla hujamtoa kwako, ikague shule ya karibu.

Matokeo yanasema nini, na yanaficha nini

Matokeo ya mtihani si ya kupuuzwa, ila yana mitego. Shule yenye watahiniwa 12, mmoja akifeli kwa sababu aliugua malaria wiki ya mtihani, ufaulu unashuka kwa zaidi ya asilimia 8. Shule yenye watahiniwa 120, mmoja huyo huyo hashushi hata asilimia moja. Kwa hiyo usilinganishe shule mbili kwa mwaka mmoja. Tazama miaka mitatu au minne. Baraza la Mitihani lenyewe limeacha kutangaza orodha ya shule kumi bora.

Mtego mkubwa zaidi ni watoto wasioonekana kwenye matokeo. Mwulize mwalimu mkuu maswali matatu: darasa hili lilipoanza la kwanza walikuwa wangapi? Waliofanya mtihani wa la saba ni wangapi? Waliopungua wako wapi? Katika wilaya yetu wapo wanaohama na mifugo, na hao wanaweza kuwa wanasoma kwingine. Lakini wapo pia walioacha kwa njaa, kwa ugonjwa usiotibiwa, kwa mimba au kwa kuogopa fimbo. Shule yenye ufaulu wa asilimia 90, iliyopoteza nusu ya watoto njiani, haijafaulu kwa asilimia 90. Mwalimu mkuu anayejua walipo watoto wake, mmoja mmoja, ni dalili nzuri kuliko takwimu yoyote ukutani.

Choo: anza hapo

Nenda siku ya masomo, saa nne asubuhi wakati wa mapumziko. Pita ofisini kwanza, jitambulishe na uombe ruhusa. Kisha nenda chooni.

Kiwango kinachotumika nchini ni tundu moja la choo kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 200 na wavulana 200 inatakiwa kuwa na matundu 10 ya wasichana na 8 ya wavulana. Hesabu yanayotumika, si yaliyojengwa. Lililojaa au lililovunjika mlango halihesabiki.

Tuseme umekuta matundu manne kwa wasichana 200. Kila tundu lina wasichana 50. Kila mmoja akitumia dakika mbili, foleni itahitaji dakika 100, na mapumziko ni kama nusu saa. Matokeo yake wengine wanakwenda vichakani na wengine wanabana. Msichana anayebana mkojo kila siku hujizoeza kutokunywa maji ili asihitaji choo. Mchana kichwa kinamuuma, choo kikubwa kinakuwa kigumu, na maambukizi ya njia ya mkojo yanamnyemelea. Ukimwona mwanao akifika nyumbani anakimbilia chooni kabla hata ya kusalimia, jua tatizo liko shuleni.

Kwa wasichana wa la tano hadi la saba kuna jambo la ziada. Wengine huvunja ungo wakiwa na miaka 11 au 12. Uliza kama kuna sehemu ya kujisitiri yenye mlango unaofungwa kwa ndani, maji, na mahali pa kutupa pedi au kufua kitambaa. Uliza ni mwalimu gani wa kike anayeweza kuambiwa. Pasipokuwa na hayo, binti atakosa siku tatu au nne kila mwezi. Mwaka mzima hizo zinakuwa wiki kadhaa za masomo, na mwishoni ataambiwa ni mzito wa hesabu.

Tazama pia kama mtoto mwenye ulemavu anaweza kuingia choo hicho bila kutambaa kwenye uchafu.

Maji ya kunawa na maji ya kunywa

Ukitoka chooni tafuta mahali pa kunawa mikono. Ndoo yenye koki, au kibuyu chirizi cha dumu na kamba, vinatosha. Kinachotakiwa ni maji yawemo, sabuni iwepo, na watoto wavitumie bila kuamrishwa.

Kwetu maji ni jambo zito kwa sababu ya macho. Mikoa ya kati, Dodoma na Singida, imesumbuliwa na vikope kwa miaka mingi. Ugonjwa huu husambazwa kwa mikono, kwa vitambaa vya kufutia uso na kwa nzi wanaofuata tongotongo. Mtoto akiambukizwa mara kwa mara, upande wa ndani wa kope hupata makovu. Miaka mingi baadaye, akiwa mtu mzima, kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho hadi lipofuke. Kinga yake kubwa ni ya bei ndogo: uso safi. Simama karibu na mstari asubuhi. Mwalimu anayekagua kucha na sare huku akiona nyuso zenye nzi na kupita, hajamaliza kazi. Mwalimu anayemwambia mtoto, "Kanawe uso, maji yako pale," anaokoa jicho. Na mwalimu anayemchapa mtoto kwa uchafu wakati shuleni na nyumbani hakuna maji, anamwadhibu kwa ukame.

Maji ya kunywa yana swali lake. Singida ni miongoni mwa mikoa ambayo baadhi ya visima vina madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia hadi 4 kwa sababu ya uhaba wa maji. Yakizidi, meno ya mtoto yanayotengenezwa ndani ya fizi hadi umri wa miaka minane hivi hutoka na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Yakizidi sana kwa miaka mingi, mifupa huathirika. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi huzidi kukolea.

Visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana, hivyo usikisie. Kamati ya shule inaweza kuomba majibu ya vipimo vya kisima kutoka RUWASA, wakala wa maji vijijini. Pale penye paa kubwa la bati, tangi la kuvuna maji ya mvua ni hazina, maana maji ya mvua hayana floraidi ya ardhini. Lifunikwe, na mvua za kwanza zimwagwe ili zisafishe paa.

Chungu cha shule

Mwaka wa shule unaanza Januari. Kwetu Januari, Februari na Machi ni miezi ambayo ghala limepungua na mtama mpya haujakomaa. Mtoto anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi bila kitu tumboni, anatembea kilomita kadhaa, halafu anatakiwa ajifunze kusoma hadi mchana. Kufika saa tano anasinzia, na kusinzia huko si uvivu. Ubongo wa mtoto hutumia sehemu kubwa ya nguvu anayopata kwenye chakula, na akiwa na njaa hawezi kushika anachofundishwa.

Zamani Mpango wa Chakula Duniani ulileta chakula katika shule nyingi za maeneo makavu ya Singida, Dodoma na mikoa jirani. Sasa elimu ni bila ada, lakini chakula cha wanafunzi wa kutwa kimebaki kuwa jukumu letu wazazi. Hivyo ukikuta shule haina uji, kabla ya kumlaumu mwalimu jiulize ni debe ngapi za mtama au mahindi wazazi walikubaliana kutoa, na ngapi zilifika. Na pale ambapo kuna mchango, uliza mtoto ambaye kwao wamekosa anafanywaje. Shule nzuri haimwachi mtoto asimame pembeni akitazama wenzake wanakunywa uji. Kamati hutafuta njia: mzazi alete kuni, achote maji, au afanye kazi shamba la shule.

Ingia stoo. Magunia yawe juu ya mbao, si sakafuni, na chumba kiwe kikavu. Mahindi na karanga zilizovunda huota ukungu unaotoa sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016, katika mikoa ya jirani ya Dodoma na Manyara, watu walikufa baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Mahindi yenye ukungu yasipelekwe shuleni eti kwa sababu ni ya mchango.

"Mzito" au haoni?

Hapa ndipo shule nzuri na shule ya kawaida hutengana. Mtoto haandiki kilichoko ubaoni. Mwalimu wa kwanza anasema ni mzito, anamketisha nyuma. Mwalimu wa pili anamleta mbele, na mtoto anaanza kuandika. Alikuwa haoni tu.

Jaribio unaweza kulifanya nyumbani. Andika tarakimu kubwa kwenye karatasi, msimamishe hatua sita, mzibe jicho moja, asome. Rudia jicho la pili. Kisha simama nyuma yake, mwite kwa sauti ya chini. Akishindwa, au sikio likitoa usaha, mpeleke apimwe. Kilimatinde tuna Hospitali ya Mtakatifu Yohana, vijiji vingi havina bahati ya kuwa na hospitali karibu hivyo. Mtoto anayeduwaa ghafla kwa sekunde chache, mara nyingi kwa siku, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea, naye apelekwe. Inaweza kuwa aina ya kifafa, na inatibika.

Kuna pia anayeonekana mzito kwa sababu nyumbani kwao ni Kigogo, na Kiswahili amekikuta shuleni. Huyo hana ugonjwa wowote. Anahitaji mwalimu mvumilivu na miezi kadhaa.

Muulize mwalimu mkuu: nani ni mwalimu wa afya hapa? Mara ya mwisho dawa za minyoo na kichocho zilitolewa lini? Siku hiyo mpe mwanao chakula kabla hajatoka, maana dawa ya kichocho kwenye tumbo tupu humletea kichefuchefu. Wasichana wa miaka 9 hadi 14 wamepata chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi? Ilianza nchini kote mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu. Shule yenye majibu ya maswali haya inashirikiana na kituo cha afya.

Fimbo

Wapo wazazi wanaosema shule nzuri ni ile yenye fimbo. Tukubaliane angalau na kanuni za nchi. Adhabu ya viboko hutolewa na mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Ni kwa kosa kubwa, isizidi viboko vinne, na huandikwa kwenye kitabu. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike kama yupo, tena mkononi. Kofi, teke na kupigwa kichwani havimo. Kukosa hesabu si kosa kubwa.

Omba kuona kitabu cha adhabu. Kisha msikilize mwanao. Tumbo linalouma kila Jumatatu asubuhi na kupona Jumamosi, kukojoa kitandani kulikorudi baada ya kukoma, au mtoto aliyekuwa akisimulia ya shule na sasa amenyamaza, ni dalili za hofu. Usimwongezee fimbo ya nyumbani. Kwanza muulize kwa upole, na umsikilize hadi mwisho.

Mwisho, ingia darasani

Wastani unaokubalika ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Usigawanye shule nzima, hesabu darasa la kwanza na la pili. Mara nyingi la saba wako wachache na mwalimu wao mzuri, huku la kwanza wamebanana zaidi ya mia. Msingi wa kusoma unajengwa huko chini. Tazama kama madirisha yanaingiza mwanga na hewa, maana kikohozi husambaa haraka kwenye chumba kilichofungwa.

Kisha chukua kitabu cha Kiswahili cha darasa la pili. Waombe watoto watatu wa darasa la tatu, si wale waliochaguliwa na mwalimu, wakusomee hadithi fupi na kukueleza ilihusu nini. Wote watatu wakisoma na kuelewa, umepata shule. Mmoja akishindwa, uliza anasaidiwaje. Wote wakishindwa, una habari ambayo haipo kwenye matokeo yoyote.

Umekuta kasoro. Sasa?

Hakuna shule itakayofaulu yote haya, ya kijijini wala ya mjini. Ndiyo maana, kabla ya kumpeleka mtoto kwa shangazi, ikague na ile ya Manyoni kwa maswali haya haya. Inawezekana ina walimu wengi zaidi, lakini darasa la kwanza lina watoto 150 na choo kina foleni ndefu zaidi. Ongeza na gharama ya mtoto wa miaka saba kulala mbali na mama yake.

Panga kasoro ulizokuta kwa makundi mawili. Zipo ambazo wazazi wanaweza kuzimaliza ndani ya muhula mmoja: kibuyu chirizi, sabuni, mlango wa choo, mbao za stoo, uji wa miezi ya njaa, mtoto kuhamishiwa kiti cha mbele. Hizo zipeleke kwenye kamati ya shule na mkutano wa wazazi, ukiwa tayari kujitolea kitu. Zipo zinazohitaji Serikali: walimu, matundu mapya, kupimwa kwa kisima. Hizo kamati iziandike na kuzipeleka kwa mtendaji wa kijiji na Afisa Elimu Kata, nakala ibaki. Wathibiti ubora wa shule nao huandika ripoti wanapotembelea. Muulize mwalimu mkuu ripoti ya mwisho ilisema nini.

Kuna kasoro moja tu inayostahili kukufanya umwondoe mtoto haraka: pale anapoumizwa au kuchezewa mwili wake, na wakubwa wa shule wakijua na kunyamaza. Hapo usisubiri mkutano. Mpeleke hospitali apimwe, kisha nenda polisi na ustawi wa jamii.

Kwa mengine, muda wako wa asubuhi moja unatosha kuanza. Chagua siku wiki hii, fika saa nne, na ukirudi nyumbani keti na baba wa mtoto na shangazi, mpige hesabu: matundu mangapi, watoto wangapi darasa la kwanza, maji yapo au hayapo, uji upo au haupo, watoto wangapi kati ya watatu walisoma. Mkiisha kuwa na majibu hayo matano, amueni.